Ng'ombe Asiyedaiwa

Hamtaamini hili, lakini kuna mtu alishinda ng'ombe bila hila uwanjani, akarudi nyumbani mikono mitupu, na wala hakuibiwa.

Juzi kwenye grupu yetu Muhati alilia kwamba rafiki yake amekataa kutoa dau la mpira. Mtu akamjibu, "Dau la kichakani halidaiwi barazani." Mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Nikampigia babu simu, na yeye anasema yalianza hivi.

Kule Idakho watu wanapenda sana kupiganisha mafahali. Jumamosi asubuhi ngoma za isukuti zinalia, kijiji kizima kiko uwanjani. Kutazama ni ruhusa. Kubeti ndiko kulikofichwa, maana sheria inataka kamari iwe na leseni. Kwa hiyo wenye dau waliingia kwenye kichaka nyuma ya uwanja, wakapeana mikono huko.

Shikanda aliingia humo na jirani yake, Lihanda. Ng'ombe wa Shikanda alikuwa amekufa, watoto wanakunywa chai ya rangi. Akaweka baiskeli yake, Lihanda akaweka ng'ombe wa maziwa. Fahali aliyechaguliwa na Shikanda akashinda. Lihanda akakataa kumtoa ng'ombe.

Shikanda, hasira zimempanda, akampeleka kwa chifu, barazani mbele ya watu.

"Chifu, huyu amekalia ng'ombe wangu."

"Alikuwaje wako?"

Lihanda akatabasamu. "Mwambie, jirani. Mwambie tulikuwa wapi."

Chifu akaelewa. "Kama ulimnunua, ng'ombe anatoka leo. Kama ni dau, hata mwenye duka la kubeti pale sokoni ametundika leseni ukutani. Yenu iko wapi? Nitawapeleka polisi wote wawili."

Mke wa Shikanda, Khatenje, alikuwa nyuma ya mumewe. Akanong'ona, "Baba Ingutia, sema ulimnunua. Hawa wote walikuwa kichakani. Nani atasimama aseme alikuona?"

Ni kweli, nusu ya wanaume pale barazani walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Nikimdanganya chifu leo nikapata ng'ombe," Shikanda akamjibu polepole, "kesho mwingine atadanganya hapahapa achukue shamba letu. Tutamlilia nani?"

"Na maziwa?"

Shikanda akamgeukia chifu.

"Shikanda, unadai nini?" chifu akauliza.

"Sidai kitu, chifu. Nilipita kukusalimia."

Watu wakacheka, Lihanda kuliko wote. Mzee mmoja hakucheka. Alimshika Shikanda bega, akamwambia, "Mwanangu, dau la kichakani halidaiwi barazani." Jioni ile watoto walikunywa chai ya rangi tena.

Uongo mmoja tu ungempa ng'ombe, na hakuna ambaye angempinga. Dau la kichakani halidaiwi barazani. Wewe ungekuwa Shikanda, ungesema nini mbele ya chifu?