Mtungi wa Nakiete

Niwapeleke kale?

Tupeleke, bibi!

Haya twendeni, ila polepole. Magoti haya yamechoka.

Kale hiyo, wanangu, bi harusi alikwenda kwa mumewe na mtungi uliofinyangwa na mama yake. Wakwe wakishakunywa maji ya mtungi huo, amekuwa mtoto wa nyumba. Mtungi ukivuja, ana nuksi, arudi kwao. Msiniulize kwa nini. Hata mimi nimechoka kuuliza.

Basi Nakiete akaolewa. Mama yake akamkabidhi mtungi, na fungate halijaisha, mama akafa. Matanga yalipokwisha Nakiete akaujaza mtungi, ukavuja. Akaujaza tena, ukavuja. Akaujaza huku analia, ukavuja vilevile.

Mama mkwe wake, Nambike, akashika kiuno. "Wewe mwanamke umetuletea nuksi. Funga mzigo wako!"

"Niende wapi, mama? Kwetu pamebaki kaburi."

Mnasikia, watoto? Pamebaki kaburi, na bado anaambiwa aende!

Akaitwa Namsifu, mfinyanzi mkongwe, aamue. Akaugonga mtungi kwa kidole, akatega sikio.

"Una ufa," akasema. "Kama ulipasukia motoni, moshi uliingia, na ufa utakuwa mweusi hadi ndani. Hapo binti hana kosa. Kama umepasukia hapa kwenu, utakuwa mwekundu. Lakini siwezi kujua mpaka niuvunje."

"Ndicho kitu pekee cha mama nilichobaki nacho," akasema Nakiete.

"Najua, mwanangu."

Nakiete akaupapasa mtungi mara moja. Kisha akasema, "Vunja."

Pah! Ufa ulikuwa mweusi tititi. Nambike akainamisha uso, na yeyote angedhani mambo yameishia hapo.

Heri yangeishia hapo. Lakini mfinyanzi hawezi kuokota kigae asikigeuze. Namsifu akageuza, akatazama upande wa ndani, ule usioonekana tena shingo ya mtungi ikishafinyangwa. Alama za vidole vya mama zilikuwa zimekaukia humo. Chini zilikuwa zimezama, zina nguvu. Kwenda juu zikalegea. Shingoni zilikuwa zimepinda ovyo, mkono ulikuwa unatetemeka.

"Huyu alifinyanga akiwa mgonjwa sana," akasema Namsifu taratibu. "Hata moto hakuweza kuungoja upoe, aliutoa mtungi moshi ungali unafuka, ndipo ukapasuka."

Nakiete akaketi mavumbini. "Aliniambia ni mafua tu," akasema. "Ni mafua tu, alisema, nami nikaenda kusukwa nywele."

Nambike akaketi naye mavumbini, akamshika.

Nakiete alibaki nyumba ile, akazaa, akazeeka. Lakini inaniuma, wanangu, kila nikiisimulia inaniuma. Mafundi wana njia zao za kuona ndani ya vitu, waiteni mkitaka. Ila msidhani watawaonyesha lile mliloliuliza peke yake.

Kisa nimekitua chini. Anayekitaka akibebe, mimi mabega yamechoka.