Sultani na Mlango wa Samadi

Hapo zamani, katika mji ambao sultani wake alipenda kujenga kuliko kuuliza, palikuwa na mtaa fukara uitwao Vumbini. Misafara yote ya bara ilipita hapo, nao watu wa Vumbini wakala kwa kuwauzia wapitao. Basi sultani akaamuru pajengwe kituo kikubwa cha punda, akanena, "Kituo hiki kitaufufua mtaa."

Waziri akakijenga. Akakizungushia ukuta mrefu, wasafiri wasiione Vumbini, kisha akaweka sheria: kila atokaye mjini apandie humo, ndani hapana kukaa, kula wala kuuza, na msafara hautoki mpaka punda wote ishirini wapate watu. Kituo kikang'aa kama sahani ya bibi harusi. Wasafiri wakasimama humo mpaka miguu ikavimba, kisha wakaanza kupitia makondeni kwa kujificha. Ikawa kituo ni kitupu na Vumbini ni njaa.

Sultani alipokuja kutazama hakuona mtu.

"Uchafu wa mtaa huu ndio unaowakimbiza," akasema waziri.

Hapo alikuwapo Pandu, mtu asiye na kitu ila chumba kimoja na mdomo. Akacheka.

"Wewe mwenye kanzu ya viraka," akanena sultani, "unacheka nini?"

"Naicheka njaa, bwana wangu. Nikilia itaniona mnyonge."

"Kumbe una akili! Basi kesho, kabla jua halijatua, nijazie watu mtaa huu. Usijenge hata ukuta, usinunue hata kikombe, wala usimwite mtu. Ukishindwa nauvunja mtaa wote, niweke banda la punda."

Pandu akakiwaza chumba chake na punda akiwa ndani. Akajibu, "Nimesikia na kutii. Nina ombi moja tu: kesho usafiri kwa kituo chako, kama msafiri yeyote, kwa sheria zako."

"Neno dogo hilo. Na shamba nilikuwa naenda."

Basi asubuhi sultani akaja na waziri wake. Punda ishirini, abiria wawili. Wakasimama. Jua likapanda, nao wamesimama.

"Leteni kiti," akanena sultani.

Kulikuwa na mlango mdogo nyuma, wa kutolea samadi, na Pandu alikuwa ameegemea hapo kwa nje. "Sheria, bwana wangu," akasema.

Sultani akamtazama waziri, waziri akawatazama punda. Mara ukaja moshi juu ya ukuta.

"Harufu hiyo yatoka wapi?"

"Kwa Bi Mize, achomaye mihogo. Ni huku nje, bwana wangu. Huku sheria ya kituo haifiki."

Pandu hakumkaribisha. Alijibu alichoulizwa. Sultani mwenyewe ndiye aliyekunja kanzu, akainama, akatokea mlango wa samadi.

"Miguu uifute, bwana," akasema Bi Mize. "Hapa watu wanakula."

Sultani akaifuta, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapewa muhogo na pilipili. Habari ikaenea kwamba sultani amekaa Vumbini. Wakaja wenye kesi waliochoka kungoja ikulu, akaja kinyozi, wakaja wauza kahawa, na wasafiri wale waliopitia makondeni wakarudi kutazama, wakaona heri wapande punda. Alasiri hapakuwa na pa kuweka mguu.

Waziri akatoa kichwa mlangoni. "Bwana wangu, punda wamejaa! Twende!"

"Na wangoje. Muhogo wa pili haujaiva."

Kisha akamgeukia Pandu. "Umewaita wewe hawa?"

"Hata mmoja, bwana wangu. Wala sikujenga, wala sikununua. Nilimwacha msafiri mmoja achoke, akatafuta pa kukaa."

Sultani akacheka mpaka pilipili ikampanda puani. Akaamuru ukuta uangushwe, na mawe yake yalazwe yawe mabaraza toka kituoni hadi mlangoni kwa Bi Mize. Pandu akafanywa mkuu wa kituo, na chumba chake hakikuingia punda.

Waziri hakuadhibiwa. Aliambiwa tu alinde kituo mpaka ukuta uishe kuvunjwa, na kwa kuwa sheria yake ilikuwa haijafutwa, alikilinda kwa kusimama, harufu ya mihogo ikimpita puani.

Hekaya imefika kituoni. Wa kushuka na ashuke.