Pimbi na Pampu Isiyosimama

Paukwa!

Pakawa!

Walioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, lakini zamani ile ambayo kompyuta zilikuwa zimeshafika, wanyama wa Bonde la Miwale walitegemea kisima kimoja. Pampu ilivuta maji, ikayapandisha kwenye tangi. Kompyuta ndiyo iliyoiambia pampu vuta, au simama. Na aliyeiandikia kompyuta amri zake alikuwa Kima. Kima fundi. Kima mjuzi. Kima mwenye mkia mrefu, na sifa ndefu kuliko mkia.

Pimbi akaja kujifunza kwake, pamoja na wanafunzi wengine. Alikuwa mdogo, mdogo kabisa, lakini maswali yake hayakuisha.

"Bwana Kima, kitanzi ni nini?"

"Ni amri inayorudiwa na kurudiwa."

"Inarudiwa mpaka lini?"

"Mpaka uchoke wewe!" Kima akacheka. Kwa kwa kwa!

"Na kwa nini tunatunza nakala ya zamani kabla ya kubadilisha?"

"Ah, Pimbi! Hayo ni maswali ya chekechea!"

Wanafunzi wote wakacheka. Pimbi akainama, masikio yakamwaka moto. Lakini hakuacha. Akajitenga, akajaribu mwenyewe. Akakosea, akafuta. Akakosea tena, akafuta tena.

Kiangazi kikaja. Kiangazi kikali! Wanyama wakafunga pampu mpya yenye nguvu. Ile ya zamani ilipandisha debe moja moja. Hii, madebe matatu kwa mkupuo.

Asubuhi yake Mama Tembo, mkuu wa kisima, akakuta matope kila mahali. Tangi limefurika, chururu, chururu! Pampu bado inanguruma, ngrrr! Akaizima mbio. Akachungulia kisimani. Maji yamebaki ya magotini.

Kima akaitwa. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akawasha. Ngrrr! Chururu! Akazima, jasho linamtoka.

"Pampu ni mbovu," akasema.

"Ikifurika usiku mmoja tena, kisima kitakauka. Basi tunahama kesho," akasema Mama Tembo.

Digidigi akawakumbatia wanawe wachanga. "Tutavukaje nyika kavu na hawa?"



Pimbi alikumbuka kile kicheko. Hata hivyo akajitokeza.

"Samahani, Bwana Kima. Naomba kuuliza."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kompyuta imeambiwa isimamishe pampu lini?"

"Madebe tangini yakiwa mia."

"Mia kamili?"

"Mia kamili."

"Pampu mpya inapandisha matatu matatu. Tisini na sita. Tisini na tisa. Halafu?"

Kima akafungua mdomo. "Mia na..."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mia na mbili," akasema Pimbi. "Ile mia imerukwa. Kompyuta inaisubiri mpaka sasa."

"Basi rekebisha, mwanangu," akasema Mama Tembo.

Pimbi akatunza nakala ya zamani. Kisha, pale palipoandikwa *mia*, akaongeza maneno mawili tu: *au zaidi*.

Wakapunguza maji tangini, watoto wa Digidigi wakanywa wakashiba. Pampu ikawashwa. Ngrrr! Wanyama wote wakahesabu kwa sauti. Tisini na sita! Tisini na tisa! Mia na mbili!

Tk! Ikasimama. Hata tone moja halikumwagika.

Vigelegele! Mama Tembo akamnyanyua Pimbi kwa mkonga, akamweka kichwani.

"Mtazameni! Huyu ni fundi wetu, amezaliwa hapa hapa bondeni!"

Pimbi akatanua kifua, akajiona mrefu kuliko Twiga.

Kima akasogea, mkia chini. "Bi Pimbi, nimekukosea. Na mimi nina swali. Miaka saba naona haya kuliuliza."

"Uliza, Bwana Kima," akasema Pimbi. "Hapa hachekwi mtu."

Basi, wadogo kwa wakubwa, mafunzo ni haya: usichokijua kiulize, hata wakikucheka. Na ukiulizwa wewe, jibu bila dharau.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nilikuwa nayo mimi, sasa ni yenu.