Funguo za Maabara ya Subilaga

Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Mmeisikia asubuhi hii kwa karani wa ushirika, mkacheka, mkadhani anamsema mpangaji aliyekosana na baba mwenye nyumba. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka kwa wapangaji, wajukuu zangu, wala si ya kale kama mnavyodhani. Methali hii ilianza hivi, na waliokuwapo siku hiyo wengi bado wanaishi.

Mbeya, upande wa Uyole, kulikuwa na mwanamke aitwaye Subilaga Mwaijande. Alipima damu za watu hospitalini kwa miaka kumi na tisa, kisha akafungua maabara yake mwenyewe: vyumba viwili, hadubini mbili, wasaidizi watatu. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na kifua. Majibu ya mtu hakuyatamka hata kwa mumewe. Kuna waliotoka Tukuyu, wakazipita maabara nyingine zote njiani, wakaja kukunja mkono wa shati mbele yake.

Madaftari yalipojaa akanunua kompyuta, na majibu ya wagonjwa yakawa yanahifadhiwa mtandaoni, kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya kampuni ya mbali. Siku moja kirusi cha kompyuta kikameza kazi ya wiki nzima. Subilaga akaona lazima apate mtu wa nje wa kumtunzia mitambo hiyo, maana kuajiri fundi wa kudumu hakuweza.

Wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa binti mmoja, Tusajigwe, mwenye ofisi ndogo mjini. Alikuja na karatasi ya maswali. Nani anaingia kwenye rekodi? Msaidizi akiacha kazi, nani anamfungia mlango? Nakala za akiba ziko wapi, na lini mara ya mwisho mlijaribu kuzirudisha? Mwishowe akasema, "Na neno kuu la siri, mama, utakaa nalo wewe. Mimi utanipa ruhusa ya kufanyia kazi, na siku usiponitaka utaniondolea."

Subilaga alichoka kabla ya chai kupoa. Alijiona kama mwanafunzi anayesahihishwa. "Mwanangu," akamwambia, "mimi kazi yangu ni damu. Hayo yote nikiyajua, wewe nakuitia nini?"

Wa pili alikuwa Gwamaka, kijana mtanashati aliyesifiwa na mwenye duka la dawa la jirani. Huyo hakuuliza hata moja. Alitazama kompyuta, akatabasamu. "Mama, wewe lala usingizi. Kila kitu niachie mimi." Subilaga akamwachia kila kitu. Hakumuuliza ni wateja wangapi anaowatunza, wala likitokea jambo atapatikana baada ya muda gani. Wala hakuuliza neno la siri. Aliona raha kutoulizwa, na akaona ni adabu kutouliza.

Mwaka ukapita salama. Mwaka wa pili, Jumatatu moja asubuhi, msaidizi wake aliwasha kompyuta ikamkatalia kuingia. Kabla hawajajua la kufanya, simu ya Subilaga ikaanza kulia mfululizo. Majina arobaini ya wagonjwa wake, na majibu yao, yalikuwa yanazunguka kwenye simu za watu. Wezi walioingia kwenye rekodi walitaka walipwe, na wakaahidi majina mengine arobaini kila siku hadi walipwe.

Subilaga aling'oa waya wa umeme kwa mkono wake. Haikusaidia kitu, kwa kuwa rekodi hazikuwa mle ndani. Akawapigia wenye seva, akawaomba wafunge.

"Tupe neno kuu la siri, mama."

"Sina. Analo fundi wangu."

"Basi yeye ndiye atupigie. Jina lililoandikishwa hapa ni lake."

Gwamaka alikuwa Kyela, harusini, na simu yake haikupatikana. Kwa siku mbili Subilaga alisimama nje ya mali yake huku wezi wakiwa ndani. Jumanne wakamwaga arobaini wengine. Gwamaka alipopatikana Jumatano, akawafungia wezi nje, ndipo ilipojulikana kwamba alitumia neno la siri moja kwa wateja wake wote kumi na mmoja. Liliibiwa kwa mmoja, likafungua kwa wote.

Katika majina ya Jumanne lilikuwamo la Sekela, mwalimu wa darasa la pili. Alikuwa akitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka sita, mwenye afya, na mchumba wake alikuwa akijua na kuridhia. Ndugu wa mchumba hawakujua. Siku ya pili wakatuma watu kuvunja posa, na mchumba hakuwazuia. Shuleni, wazazi watatu wakaomba watoto wao wahamishwe darasa.

Alhamisi Sekela akaja maabara. Watu sita walikuwa kwenye benchi, wamekuja kudai majibu yao yafutwe. Subilaga akainuka akilia.

"Mwalimu, nisamehe. Haki ya Mungu sikusema neno. Ni fundi."

"Fundi mimi simjui," Sekela akasema, bila kupaza sauti. "Damu yangu nilikupa wewe."

"Nilitaka kufunga. Sikuweza. Sikuwa na ufunguo, mwanangu."

Sekela akamjibu:

"Basi hapa hapakuwa pako. Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Wewe ulitukaribisha katika nyumba ya mtu mwingine, ukatuambia tuvue nguo."

Akatoka. Walioketi kwenye benchi wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata. Hakuna aliyemtukana Subilaga, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Sekela aliomba uhamisho, na yule mchumba akaoa kwingine. Subilaga hakupima tena damu ya mtu, ingawa mikono yake ilikuwa ileile na kifua kilekile. Gwamaka alipata wateja wengine. Hao sita wa kwenye benchi ndio waliolipeleka neno lile sokoni na misibani, mpaka likawafikia ninyi.

Kwa hiyo msicheke. Ukipewa siri ya watu uilinde, unaweza kumwita mlinzi, na usione haya. Lakini ikiwa mlango wa siri hiyo huwezi kuufunga mwenyewe, usimwambie mtu, "Karibu." Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba.