Salamu Alizozikata Masunga

Hii nimeletewa na shemeji yangu, nami naipitisha kwako kama nilivyoipokea. Ukimaliza kuisoma, usiifiche.

Alikuwepo bwana mmoja mjini, Masunga, aliyejizolea sifa mtandaoni kwa kufukua nyimbo zilizosahaulika. Wenzake wakisikiliza zile zile zinazopigwa kila mahali, yeye alipekua huko chini kabisa ambako hakuna aliyewahi kubofya, akaibuka na kitu kitamu. Watu wakamwita Mchimba Dhahabu. Jina likamkaa, na kichwa kikamvimba.

Alikuwa na tabia moja. Waimbaji wa zamani wa kwao Usukumani hawaanzi kuimba hivi hivi. Kwanza hujitaja, hutaja kwao, husalimia wakubwa na wadogo. Masunga hakuwa na subira na hayo. Aliyaruka hadi ngoma inapoanza, akayakata, ndipo akauweka wimbo kwenye ukurasa wake. Watu wa siku hizi, alisema, hawana muda wa salamu.

Siku moja akakuta wimbo wa bibi mmoja, sauti kavu kidogo lakini inayoshika moyo. Hakuna aliyekuwa ameusikiliza. Akakata salamu kama kawaida, akaandika: "Mwimbaji hajulikani. Pengine alishatangulia mbele za haki." Hilo la mwisho alitia chumvi tu, ili wimbo unoge.

Ukasambaa kama moto wa nyika. Masunga akaitwa redioni, akajigamba kwamba yeye ndiye aliyemfufua yule mama. Waandaaji wa tamasha wakamuuliza kama kuna yeyote wa familia anayeweza kualikwa, akajibu kwamba hakuna. Basi wakampandisha yeye jukwaani, naye akauomba umati usimame kimya kumkumbuka marehemu. Wengine walilia.

Siku mbili baadaye akapigiwa simu na Nyanzobe, muuguzi wa zahanati ya kijijini kwa yule bibi, ambaye ndiye aliyeurekodi wimbo ule kwa simu yake na kuuweka mtandaoni.

"Kaka, njoo huku," alisema. "Watu wamekaa matanga ya mtu aliye hai."

Masunga alidhani ni utani, lakini alikwenda. Akakuta wanawake wameketi mikekani, unga na kuni vimeletwa, na ndugu wa mbali walioitambua sauti mtandaoni bado wanaingia na vilio vyao. Katikati yao ameketi mwimbaji mwenyewe, Bibi Milembe, anawabembeleza waliokuja kumlilia.

Masunga akapiga goti, akatoa shikamoo, akaomba radhi. Akajitetea kwamba hakuwa na njia yoyote ya kumjua.

Bibi hakubishana naye. Alimwomba Nyanzobe auwashe wimbo tangu mwanzo.

"Mimi ni Milembe binti Shija, wa Mwanhelebe, nyuma ya mashine ya kusaga," ikasema ile sauti. "Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Tangu mlete maspika kwenye harusi zenu, hakuna anayeniita. Sijafa, wanangu. Mwenye shughuli aje anichukue, bado naimba."

Ndipo ngoma ikaanza.

Masunga alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamke huyu alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kuitwa, na yeye ndiye aliyekikata kwa kidole chake. Jukwaa lile lilikuwa la Bibi Milembe. Yeye alilikalia, tena akasimama juu yake kumkumbuka kama marehemu.

"Bibi, nilidhani watu hawana muda," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi Milembe akamwonyesha waliokuwa mikekani.

"Hawa wengine wametembea tangu jana, mjukuu wangu. Walisikia nimekufa, wakaja mpaka mlangoni kwangu. Wewe umenizika bila hata kubisha hodi."

Masunga alikaa pale pale chini, mbele ya watu wote, uso unamuwaka kwa aibu. Akatoa simu, akauweka wimbo upya, mzima, na chini yake akaandika: "Milembe binti Shija yuko hai. Aliyemuua ni mimi."

Funzo: Ukiokota hazina iliyosahaulika, mtafute mwenye nayo kabla hujajisifu. Huwezi kusema unaipenda sauti ya mtu ilhali hukuwa na muda wa kusikia jina lake.