Niombee Kifuniko Kikiwa Juu

"Pilau iliyopaliwa haifunuliwi na mwenye njaa." Mmemsikia shangazi Mize akimrushia jirani maneno hayo dirishani, mkanijia mbio mkiuliza yametoka wapi. Basi mmefika kwa mzee mwenyewe. Nina miaka ishirini na miwili, ndevu saba, na kidato cha nne nimemaliza. Tena katika ukoo wetu wote hapa Ngamiani hakuna anayejua kufunga mdomo kama mimi Chande. Siri ikiingia humu kifuani, imeingia kaburini.

Methali hii ilianza hivi.

Dada yangu Saumu na shemeji Kombo walikaa miaka saba bila mtoto, wakaenda kliniki kutibiwa. Kule mayai ya dada yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu za shemeji kwenye maabara, kisha kinachopatikana kinarudishwa tumboni, na mnasubiri siku kumi na nne ndipo damu ipimwe. Kabla ya hapo ni sindano, kila jioni saa ile ile. Shemeji ndiye aliyemchoma dada, na shemeji ndiye aliyepiga yowe.

Mara ya kwanza haikushika. Kilichomwangusha dada si sindano, ni pole. Ukoo mzima ulikuwa unajua, basi simu zilianza alfajiri: huyu pole, yule kunywa mwarobaini, mwingine kamwota marehemu bibi. Dada akaacha kula, cherehani yake ikajaa vumbi. Akamwambia shemeji, "Mimi kule sirudi."

Lakini kliniki ilikuwa na mshauri, mama mmoja wa maneno machache. Alimwita akamwambia, "Mwili tutautibu pamoja. Moyo nao unataka ulinzi. Chagua wachache wa kuwaambia, wengine wangoje. Na ukitaka kulia, lia, kulia hakuharibu kitu."

Dada akarudi, ila kwa sharti: safari hii wajue watu wawili tu. Shemeji, kwa kuwa ndiye mchomaji. Na mimi, kwa kuwa friji lao lilikuwa limekufa na dawa zilikaa katika friji letu, ndani ya kopo la siagi. Akaniapisha: "Chande, wakijua tena, naacha moja kwa moja. Sina nguvu ya kupewa pole mara ya pili."

Siku ya sita ya kungoja ikaangukia arusi ya binamu yetu. Na pilau ya arusi kwetu hapiki mtu ila shangazi Mize. Sheria yake mnaijua: maji yakikauka anafunika, anapalia makaa mekundu juu ya kifuniko, kisha anasimama hapo na upawa kama askari wa forodha. Hata bwana arusi akisogea, anapigwa.

Sasa siri ilivujaje, mimi sijui. Labda kuta. Nijuacho ni kwamba dada alipoingia uani, wanawake ishirini wakikata kachumbari, shangazi alipaza sauti:

"Saumu mwanangu! Vipi, imeshika? Hebu njoo nilione tumbo!"

Visu vyote vikasimama.

"Usikae juani basi," akasema mmoja.

"Umetapika?" akadakia mwingine.

Nilidhani dada atatoka akilia, na matibabu ndiyo basi tena. Badala yake alichukua kitambaa, akaenda hadi kwenye sufuria ya arusi, akainua kifuniko. Makaa yakamwagika, mvuke ukapanda.

"We mtoto! Funika!"

"Naangalia kama imeiva, shangazi."

Akafunika. Hata pumzi tatu hazikupita, akafunua tena. "Vipi, imeshika?"

"Saumu, umeingiwa na nini? Ukiifunuafunua itatoka mbichi!"

"Kumbe unajua." Dada akarudisha kifuniko. "Pilau ya saa moja umeiwekea ulinzi. Mimi nina siku kumi na nne, na kifuniko changu kila mwenye mkono anakifunua. Leo mwisho. Ikiiva nitapakua mwenyewe. Ikiungua nitalia, na nitakayemtaka alie nami nitamwita kwa jina."

"Lakini mwanangu, mimi nakuombea."

"Niombee kifuniko kikiwa juu."

Shangazi aliweka upawa chini. Kisha akainama na koleo, akaokota kaa moja moja, akayarudisha juu ya kifuniko. Akamvutia dada kigoda. Mwanamke mmoja, masikini, hakuwa ameelewa, akauliza, "Kwani ni siku ya ngapi?" Upawa ukapanda hewani.

"Pilau iliyopaliwa haifunuliwi na mwenye njaa! Kata vitunguu!"

Siku hiyo arusi nzima ilitafuna punje ngumu, na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Dada alikula sahani mbili. Siku nane zilizobaki alikaa kwenye cherehani yake, simu kaizima, na siku ya kupima akaenda na shemeji, mguu kwa mguu.

Akapata? Nilijua mtauliza. Sogeeni karibu. Majibu yalipotoka, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi, na dada akasema...

"Chande!"

Shikamoo, shangazi. Umesimama hapo tangu lini?

"Tangu hapo kwenye kaburi la siri zako. Kuta, eh? Waambie wenzio ni ukuta gani ulikuja jikoni kwangu na sahani tupu, ukasema, 'Shangazi, nikikupa habari ya dada Saumu, utanipa ukoko?'"

Shangazi, mtu nilikuwa na njaa.

"Ndiyo maana yake hiyo. Ya Saumu atapakua Saumu. Ninyi nanyi inukeni, na huyu mzee wenu akiwaita tena, mjibuni: pilau iliyopaliwa haifunuliwi na mwenye njaa."