Fundi, Unaumwa Wapi?

Wapendwa, palikuwa na fundi cherehani mmoja, mshonaji hodari kweli, ila ahadi zake! Msicheke, kila mtaa unaye. Ukienda kuchukua nguo yako anakwambia, "Sori, njoo kesho."

Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alimpelekea kitambaa cha gauni la binti yake, la kuvaa siku ya kuagwa nyumbani kabla ya ndoa. Kila akienda, sori. Asubuhi ya sherehe yenyewe akakikuta kitambaa pale pale alipokiacha, hakijaguswa hata na mkasi.

"Sori sana, mama. Nilibanwa na sare za kwaya."

Kwaya, mnasikia?

Yule mama hakupiga kelele. Akasema, "Fundi, neno hilo nimelifundisha miaka mingi. Waingereza wa kale walilitoa kwenye neno la kidonda, la maumivu. Aliyelitamka alikuwa anasema, naumia. Sasa wewe unaumwa wapi?"

Fundi akacheka. "Jamani, mama, si neno tu!"

Mchana akaenda kwenye sherehe, maana alialikwa. Yumo, shati limepigwa pasi, sahani imejaa pilau. Mara binti akapita kusalimia wageni. Amevaa gauni la kuazima, la shangazi yake, limebanwa mgongoni kwa pini. Alipofika kwa fundi akapiga goti kidogo. "Shikamoo, fundi. Karibu sana. Umeshapata chakula?"

Hee! Fundi anajua nguo. Zile pini aliziona zote. Akataka kusema sori, mdomo ukagoma. Mtu mzima akainamisha kichwa juu ya sahani, akalia mbele za watu. Aibu iliyoje!

Mama akamsogelea. "Vipi, fundi?"

"Naumwa, mama."

Haya, sisi tuliomcheka, leo tumeingiaje humu kanisani? Tumepiga magoti tukasema utusamehe, huku tunaangalia saa. Umemtukana binti wa kazi asubuhi hii hii, unamwambia Mungu nisamehe, na kabla ya amina unawaza chakula cha mchana. Naona aibu kuuliza, lakini nitauliza. Tuliyemkosea amebaki na pini mgongoni, na bado anatukaribisha mezani pake.

Tunaumwa wapi, wapendwa?